Jiwe Nililolimeza Nimefunga

Kosa langu la mwanzo, nalitaja kabla ya jambo jingine lolote, ni kwamba nilijibu swali moja kwa usahihi. Mjomba wangu aliniuliza mawe yametokea upande gani, nami nikanyoosha kidole upande yalikotokea. Sikusema uongo. Nimelipima jibu lile mara nyingi, kama fundi anavyopima ukingo wa kanzu kutazama umepinda wapi, na kila mara nimeliona limenyooka. Kwa jibu lile lililonyooka, mwanamke mmoja alihama kwao.

Ningali kijana, na watu husema kijana hana cha kukumbuka. Nami ningekaa kimya na haya yangu, lau si safari yangu ya kwanza ya Unguja. Nilikuwa nimesimama njiani, naogopa kuvuka kwa sababu sikujua watu wa mji huvuka vipi, lilipopita gari la hamali limebeba mzigo uliofunikwa magunia yaliyolowa. Maji yalikuwa yakidondoka njia nzima. Nikadhani ni samaki. Gurudumu likaingia shimoni, gari likayumba, na kipande cheupe kama ngumi kikaanguka chini. Watoto wakakirukia kama kuku walioona mtama. Kitoto kimoja cha kike kikakipasulia ukutani, kikaniona ninavyokodoa macho, kikanipa kigae.

"Shika, mjomba, usione haya."

"Nini hiki?"

"Hee! Jamani, njooni mumwone Mpemba hajui barafu!"

Nikakishika. Kikaniuma vidole. Nikakitia mdomoni kwa kuwa wote walikuwa wananitazama, na pale pale nikakaa kwenye baraza ya duka bila ya kumwomba ruhusa mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kula kitu kile. Nilikila kwetu Kiuyu, mbele ya nyumba ya mjomba wangu, mchana wa Ramadhani, nikiwa na miaka tisa, na sikupata kumwambia mtu.

Hamali alikuja kufunga gunia lake vizuri. Alikuwa mtu wa bara, mpole, na aliona nimebadilika rangi. "Hii ya mashine," akasema. "Kwetu Upare, juu milimani, huanguka yenyewe."

"Huanguka kutoka wapi?"

"Kutoka mbinguni, ndugu yangu. Mvua ya mawe. Inachana migomba, inaua vifaranga. Kwenu hakuna?"

Kipande kilikuwa kimekwisha mdomoni, na mimi nilikuwa namwona yule mwanamke, Bi Mize, na ungo wake kichwani.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa niliazimia kufunga mwezi mzima bila ya kukosa hata siku moja. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Jambo likiingia dosari kidogo, kwangu lilikuwa limeharibika lote. Kila jua likichwa nilichora mstari wa makaa nyuma ya mlango wa chumba cha mama, na mstari ukipinda niliufuta kwa kidole nikauchora upya. Mama akinitazama, akicheka.

"Weye mtoto, saumu hii unamfungia Mungu au unaufungia ukuta?"

Lakini hofu yangu haikuwa Mungu wala ukuta. Hofu yangu ilikuwa wenzangu. Kwetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa siri huitwa kobe, nafikiri kwa vile kobe huingiza kichwa ndani akatafuna humo humo. Kila tukitoka chuoni kwa Maalim, tulikosoma Kurani, watoto wakubwa walitupanga mstari. "Toa ulimi!" Ulimi mkavu, mweupe, ulipita. Ulimi mwekundu ulifukuzwa kwa kelele mpaka nyumbani kwao: "Kobe! Kobe mla mchana!" Jina hilo lilimshika mtu kama utomvu wa fenesi. Kulikuwa na mtu mzima, ana wake na watoto, aliyeitwa Kobe tangu utotoni, na hakuna aliyekumbuka alikula nini.

Tulikaa kwa mjomba Hamad, kaka yake mama. Mjomba alikuwa na muhogo, ng'ombe wanne, na kitu kimoja ambacho upande wetu wa Kiuyu hakuna aliyekuwa nacho: paa la bati. Nyumba nyingine zote zilikuwa za makuti. Alilinunua bati lile kwa taabu ya miaka, na kwa miezi mingi watu walipita kulitazama tu, nao mjomba alikuwa akitoka barazani kwa makusudi wamwamkie.

Jirani yetu ng'ambo ya ua wa miti alikuwa Bi Mize, mjane, mchoma mikate ya mofa. Mwezi wa Ramadhani hakukuwa na futari upande wetu bila ya mofa yake. Alikuwa na mbuzi watatu wasiofungika na ulimi usiofungika zaidi. Siku chache kabla ya Ramadhani, mbuzi waliingia tena katika muhogo, mjomba akaenda uani kwake mbele za watu.

"Bi Mize, mbuzi wako wamekula muhogo wangu."

"Mbuzi hawakusoma, Hamad. Hawajui mpaka."

"Basi wafunge."

"Nami nikufunge maringo? Tangu upate bati huamkiki. Ngoja. Iko siku bati lako hilo litakupigia ngoma, ukome usingizi!"

Watu walicheka, na mjomba mwenyewe alicheka kidogo. Kila mtu alijua anasema mvua, kwani mvua juu ya bati hailazi mtu. Maneno yale yalikuwa mzaha, na yalikaa kama mzaha kwa siku zisizozidi thelathini.

Siku ya ishirini na mbili kulikuwa na joto la kuchemsha ubongo. Alasiri wanaume walikwenda msikitini, mjomba peke yake alilala ndani kwa kichwa kilichokuwa kikimgonga. Mama alikuwa jikoni nyuma. Mimi nilikaa upenuni na karatasi ya gazeti iliyofungiwa sukari, nanakili herufi za Kizungu mchangani kwa kijiti. Hakuna aliyenifundisha herufi zile. Nilizikamata moja moja kama panzi. Niliponyanyua macho, wingu lilikuwa limesimama upande wa kwa Bi Mize, chini jeusi kama tako la sufuria, juu jeupe limefura kama povu la maziwa. Upepo ukatoka huko, wa baridi, wenye harufu ya vumbi lililolowa. Yakafuata matone makubwa, machache, na baridi yake ilinishitua mgongo.

Kisha ikalia *ta!* juu ya bati. Kimya. *Ta, ta.* Halafu lilipiga kwa pamoja kelele ambayo sijapata kuisikia tena, kama watu mia wanamwaga kokoto kutoka juu, na uani kukaanza kurukaruka vitu vyeupe.

Mawe. Jicho langu liliona mawe. Maalim alikuwa ametusomesha juzi tu habari za jeshi la tembo na ndege waliolitupia mawe, kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kutazama juu kuwatafuta ndege. Sikuona ndege. Niliona mvua inakuja ikiwa imelala, kutoka upande wa kwa Bi Mize, na ndani yake yale mawe. Nikatoka. Moja likanipiga begani. Nikaokota jingine, likaniunguza.

Naomba hili lieleweke, maana msingi wa mambo yangu yote uko hapa. Nilikuwa sijapata kushika baridi kali maishani mwangu. Mwili wangu ulikijua kitu kimoja tu kinachouma vidole namna ile, nacho ni moto. Na mtoto akiungua kidole hufanya nini? Hukitia mdomoni. Nilitia vidole mdomoni na jiwe likiwa limenata navyo, na jiwe likageuka maji, na maji yakapita kooni kabla sijajua lolote.

La kwanza hilo naweza kulitolea udhuru. La pili sina udhuru. Koo langu lilikuwa limekauka tangu daku. Niliinama nikachagua kubwa zaidi, kiasi cha yai la njiwa, nikalitazama, ndani lilikuwa na duara juu ya duara kama kitunguu. Nikajua kabisa nimefunga, nikafumba macho, nikalifyonza mpaka likaisha.

Nilipofumbua macho, Bi Mize alikuwa ng'ambo ya ua, ungo kichwani, anavuta mbuzi kwa sikio. Mawe yalikuwa yakiupiga ule ungo yakiruka huku na huku, na moja lilimpata kwenye kifundo cha mkono, akaruka kama msichana. "Subhanallah! Subhanallah!" Akageuka upande wangu. Nilirudi upenuni mbio. Nilijiambia hakuniona.

Yalikuwa mambo ya dakika chache tu. Mjomba alipotoka, macho mekundu, jua lilikuwa limekwisha kurudi, na mawe yamelala chini ya michirizi ya bati lake, mengi yamekusanyika hapo. Hakuyagusa kwa mkono. Aliyazoa kwa kitambaa, akayatia kwenye bakuli, akalifunika kwa kawa la ukili. Akaniona.

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwa hapa upenuni."

"Yametokea upande gani?"

Nikanyoosha kidole, kwa uangalifu mkubwa, pale pale hasa.

Wanaume waliporudi msikitini hawakuwa wamesikia kitu. Kwao ilinyesha mvua kidogo tu. Mjomba akawaeleza: bati lake limepigwa mawe, meupe, mchana kweupe, naye ameyaweka. Akafunua kawa. Ndani ya bakuli kulikuwa na maji.

Nakumbuka namna nyuso zilivyobadilika. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja alirudi nyuma hatua mbili, akakanyaga kiatu cha mwenzake. Bakuli lilikuwa kavu, mjomba aliapa, na kawa halikufunuliwa. Mawe yamechukuliwa, yameachwa maji mahali pake. Mawe ya mtu hubaki. Yanayojirudia kwa mwenyewe si ya mtu, ni ya uchawi. Na mbona msikitini hayakupiga? Mbona bati la Hamad tu? Ndipo mmoja akasema taratibu, "Si aliahidi? Si alisema litakupigia ngoma?"

Bi Mize aliitwa, akaja na unga mikononi.

"Hamad, hayo ni maji," akasema. "Yameanguka kwangu pia. Tazama mkono wangu."

"Mkono umeungua tanurini. Nani mwingine aliyaona yakianguka kwako?"

Mimi. Mimi niliyaona yakimpiga. Mimi nilijua kwamba maji yale ndiyo mawe yenyewe, kwani mengine yalikuwa tumboni mwangu. Lakini ili niseme niliyaona yakimpiga, ilinipasa niseme nilikuwa nje. Na nikisema nilikuwa nje, wataniuliza nilifanya nini. Na kwa mtoto kama nilivyokuwa, kusema nusu na kusema yote yalikuwa mamoja. Nilihisi ulimi wangu unang'aa mdomoni kama taa. Mjomba akanigeukia.

"Sema tena mbele ya watu. Yalitoka wapi?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa sauti, Bi Mize alinitazama, kisha akawaambia, "Mwacheni mtoto. Kafunga."

Wakaniacha. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha kidole, na kidole kilitosha.

Hakuna aliyemtukana wala kumpiga. Kilichotokea ni kidogo kidogo na nilikiona chote. Jioni ile mofa zilibaki kwenye ungo. Siku ya pili alichoma chache, nazo zikabaki. Watu wakaanza kupita njia ya nyuma. Salamu yake ikaitikiwa kwa kichwa, kisha haikuitikiwa. Mama peke yake alinituma mara moja kwake na kisahani cha futari, nami nilikiweka mlangoni nikakimbia. Kabla ya Idi, kaka yake alikuja kutoka Wingwi na punda, wakapakia vyungu, na mbuzi watatu wakafuata nyuma, wamefungwa kwa mara ya kwanza. Ungo aliubeba mwenyewe. Ulikuwa umepasuka mahali pawili.

Siku ya Idi nilivaa kanzu mpya kwa sababu mistari yangu ilitimia. Nilikuwa nimeuchora wa ishirini na mbili pamoja na mingine, umenyooka kuliko yote.

Niliporudi kutoka Unguja nilitafuta maarifa kama mtu anayetafuta dawa. Nilipata kitabu cha jiografia cha shule, hakina jalada, na nilikisoma ukurasa ule mpaka karatasi ikalainika. Sisi wote tuliamini kwamba juu, karibu na jua, ndiko kwenye joto zaidi. Si kweli. Jua huipasha ardhi, na ardhi ndiyo inayoupasha upepo. Kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Siku ya joto kali, hewa yenye mvuke hupanda kwa nguvu na kufanya lile wingu refu lenye povu. Kule juu matone huganda. Upepo wa ndani ya wingu huyashikilia na kuyarusha, na maji mengine hugandia juu yake, ganda juu ya ganda. Ndizo zile duara za kitunguu nilizoziona. Yakizidi uzito huanguka. Kisiwani kwetu hewa ya chini ni ya moto, kwa hiyo karibu siku zote huyeyuka njiani, na matone yale makubwa ya baridi yanayotushitua mwanzo wa dhoruba huenda ni mawe yaliyoshindwa kufika. Yakifika, huanguka kwenye ukanda mwembamba chini ya wingu linalopita: nyumba hii iyapate, msikiti uyakose. Na upepo ukiwa mkali huyaleta kwa ubavu, yakaonekana yametupwa na jirani.

Kila swali la wazee siku ile lilikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa ya mvua.

Nilimwambia mjomba kwanza. Amezeeka, na bati limeshika kutu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Huko juu, karibu na jua, kuwe na baridi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi mimi nilimhukumu mtu kwa mvua." Akainua macho akalitazama bati lake. "Na weye ulikuwa wapi siku ile?"

"Uani. Nikiyala."

Aliingia ndani, na bati juu yake likawa linalia kwa joto la jua.

Kesho yake nilikwenda Wingwi kwa miguu. Nilikuwa nimeyaandika maneno yangu nikayahifadhi, nisikosee. Bi Mize alikuwa ameketi mbele ya tanuri, amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Nikamwamkia, akaniuliza mimi wa nani, nikamwambia. Kisha nikasoma maneno yangu yote, wingu, baridi, ukanda, mpaka nikafika pale pa kuungama. Hapo yakanipotea. Nikasema tu, "Nilikuwa nje, Bi Mize. Niliyaona yakikupiga. Sikusema kwa sababu nilikula jiwe nami nimefunga."

"Mawili," akasema.

Nilidhani sikusikia. "Nini?"

"Ulikula mawili. La pili ulifumba macho kama mtoto anayenyonya." Akacheka, meno machache. "Nilikuona, babu."

Miaka yote ile. "Mbona hukusema? Ungenitaja mimi, wangejua ni maji!"

"Ningesema, ungeitwa Kobe mpaka ukaoe. Miaka tisa weye! Saumu ilikuwa hata haijakuwajibikia." Akageuza mkate ndani ya tanuri kwa mkono mtupu. "Nami nilidhani yatakwisha kesho. Nilisema, watu hawa wanakula mofa yangu miaka kumi na tano, watanijua." Tabasamu likamtoka. "Hilo ndilo kosa langu mimi. Si lako."

Nikamwomba arudi Kiuyu. Mjomba atamwomba radhi mbele za watu, nitasema mimi mwenyewe msikitini. Akaniambia niseme, ni vizuri nikasema, lakini yeye harudi. Akanifungia mofa mbili katika jani la mgomba, moja yangu, moja ya Hamad.

Nilisema msikitini Ijumaa iliyofuata, na mjomba alisimama kando yangu. Watoto wa kijiji sasa wananiita Kobe. Nikiulizwa nilichokiona, nasema nilichokiona chote, na mahali nilipokuwa nimesimama. Bi Mize angali Wingwi.